Duka, Sabato na Gorogoro

Siku hizi ukipita Kebirigo Jumamosi saa nne asubuhi, utanunua sukari, mafuta ya kupikia, hata chaja ya simu. Nilipokuwa mtoto, miaka ya 1980, katika safu yetu ya maduka hukuweza kupata hata kiberiti siku hiyo. Tulikuwa Wasabato, na wenye maduka jirani vilevile.

Imani hiyo ilifika Gusii, eneo letu, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wamishenari walipojenga Nyanchwa, karibu na mji wa Kisii. Wakatoliki nao walikuwa Nyabururu. Baba aliipokea kwa wazazi wake, akaiingiza dukani. Andiko alilolipenda kuliko yote lilikuwa Nehemia, mlango wa kumi na tatu, pale malango ya Yerusalemu yanapofungwa ili wachuuzi wasiingize mizigo siku ya Sabato. Alilisimulia utadhani Nehemia mwenyewe alikuwa na duka Keroka.

Basi kila Ijumaa, jua likianza kushuka, tulifagia, tukapanga bidhaa, tukafunga. Aliyechelewa kuja kununua mafuta ya taa aliambiwa kwa upole, "Mama, rudi kesho jioni." Sigara hazikuuzwa siku yoyote. Majani ya chai yaliuzwa, ingawa wahubiri wengine waliyakunjia uso. Gusii watoto wengi walisomeshwa kwa bonasi ya wakulima wa chai, nani angethubutu kuyaondoa kwenye rafu?

Halafu ukaja ukame wa 1984, mwaka wa unga wa njano. Bei iliwekwa na serikali, kwa hiyo faida ilitafutwa kichochoroni. Maduka mengi yalificha unga, na letu halikubaki nyuma. Magunia yaliingia chumba cha nyuma, na aliyetaka pakiti moja alilazimishwa kununua pia nyembe au sabuni asiyoihitaji. Mama alivumilia siku chache, kisha akamwambia Baba mbele yetu, "Baba watoto, Sabato tumefunga mlango. Jumatatu tunafunga nini?"

Baba hakujibu. Baada ya hapo waumini wenzetu waliuziwa unga bila nyembe. Wengine waliendelea kuzinunua.

Mama alijua alichokisema, maana sokoni naye alikuwa mnunuzi. Keroka, soko ambalo leo limekaa juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira, mahindi na maharagwe yalipimwa kwa gorogoro, yaani mkebe wa kupimia nafaka, na gorogoro nyingine zilikuwa zimegongwa kitako kikaingia ndani. Kabla ya kukubali bei, Mama aliupindua mkebe akautazama chini. Aliupindua hata kama muuzaji ni dada wa kanisani, na hasa akiwa dada wa kanisani. Kitabu cha Walawi kinadai kipimo cha haki waziwazi kama kinavyodai Sabato, ila mlango uliofungwa unaonekana kutoka barabarani. Kitako cha mkebe hakionekani.

Baba alipofariki, ndugu yangu akarithi duka. M-Pesa ilikuwa imeanza 2007, na wateja walitaka kutoa pesa siku zote saba. Supamaketi zilizokuja mjini Kisii kutoka Nairobi hazikujua Ijumaa wala Jumamosi. Ndugu yangu alikaza kwa muda, kisha akaajiri kijana Mkatoliki wa kufungua siku ya Sabato, yeye mwenyewe akiwa kanisani na suti yake. Wazee wa kanisa walimwita. Akajitetea kwamba mikono yake haikugusa pesa. Wakamsomea amri ya nne, ambayo humtaja mtumishi na mgeni aliye malangoni. Hawakuafikiana.

Lakini nikiwa mkweli, duka lile limetengenea. Bei zimebandikwa. Mizani ni ya umeme, namba zinasomwa na pande zote mbili, na mjane anayenunua nusu kilo ya maharagwe hahitaji kupindua kitu. Daftari la mkopo limekufa, Fuliza ya 2019, mkopo wa M-Pesa, ikachukua sehemu ya kazi yake na kutoza ada ambayo Baba hakuwahi kuitoza, hilo nalisikitikia. Hata hivyo, kwa unga, afadhali kaunta ya ndugu yangu kuliko ya Baba ya 1984.

Kinachonikera ni kijana yule. Jumamosi anafungua kwa sababu tajiri wake ni Msabato. Jumapili, siku yake ya misa, duka liko wazi na yeye yuko kaunta. Katikati ya wiki hana wa kumshikia zamu. Hasemi neno, kazi ni adimu.

Wazee wangu, mkimwita tena ndugu yangu, mwacheni kwanza na habari za mlango. Muulizeni mfanyakazi wake anapumzika siku gani. Akitaka andiko, mpeni Kutoka ishirini. Akitaka sheria ya Kenya, ipo: Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba.