Demani, Joshi na Henza

Neno kamba ni neno karimu mno. Kuna kamba ya kufungia mbuzi, ya kuanikia nguo, ya kutekea maji kisimani na ya kukazia magunia ya mpunga juu ya lori. Hata maganda makavu ya mgomba, tuliyofungia mizigo utotoni hapa Kyela, tuliyaita kamba bila kusita. Mtu wa nchi kavu hahitaji zaidi. Chomboni, hata hivyo, neno hilo halitoshi, na ukarimu wake waweza kuua.

Mpwa wangu ana mashua ndogo ya tanga huko Matema. Huchukua vyungu vya akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe hadi soko la Lyulilo. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini, ambao ndugu zetu wa Malawi huuita mwera, husukuma maji ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 kabla ya kutufikia sisi tulio kwenye ncha yake ya kaskazini. Mawimbi hufika kwetu yakiwa yamekwisha kukomaa njiani. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone imeteremka wima hadi majini, na si kila mahali utapata ufuko wa kukimbilia.

Msimu uliopita dhoruba iliwakuta hapo. Mpwa wangu, akiwa kwenye usukani, alimpigia kelele msaidizi wake: "Achia kamba!" Kijana akaachia kamba. Bahati mbaya aliyoiachia ndiyo iliyobeba foromali, ule mti unaoning'iniza tanga. Ukaanguka juu ya vyungu na juu ya bega la mama mmoja. Mama alipona; vyungu havikupona.

Kamba zote za mashua zilikuwa zimechakaa, naye akaja kwangu tusaidiane kuchagua mpya. Nikamwambia tuzipe majina kwanza, ndipo twende dukani. Akacheka: "Mjomba, nimefuata kamba, wewe wanipa msamiati!"

Msamiati wenyewe si wangu. Ni wa mabaharia wa pwani, na umo katika kamusi zetu. Kamba ya kupandishia na kushushia tanga ni henza. Inayoshika pembe ya mbele ya tanga ni joshi, na inayoshika pembe ya nyuma ni demani. Nanga nayo ina yake, amari. Tazameni, wapenzi wa lugha, jinsi majina haya yalivyokita mizizi: upande unakotoka upepo nao huitwa joshini, na upande unakoelekea upepo ni demanini. Kamba mbili zimekigawa chombo kizima, kushoto na kulia, kwa kufuata upepo.

Tulipokwisha kuyajua majina, uchaguzi ulijifanya wenyewe, kwa sababu kila jina ni kazi, na kila kazi ina madai yake. Henza haitakiwi kunyooka, kwani ikinyooka foromali hushuka na tanga hulegea. Amari, kinyume chake, inafaa inyooke kidogo ili wimbi linapoishtua mashua, mshtuko umezwe na kamba badala ya kung'oa nanga. Demani hukaa mkononi saa nzima. Kwa hiyo unene wake huamuliwa na kiganja kabla ya kuamuliwa na nguvu. Kamba nyembamba yaweza kulimudu tanga na bado ikamchana anayeivuta.

Dukani tulipewa jibu moja kwa maswali yote: "Manila ipo." Neno hili nalo lina safari yake. Manila ni mji wa Ufilipino, na kamba zilizobeba jina hilo zilifumwa kwa nyuzi za mmea wa huko ufananao na mgomba. Nyuzi zimeondoka, jina limebaki, na leo mara nyingi linavaliwa na plastiki. Plastiki hiyo huelea, nayo ni sifa njema kwa kamba ya kumrushia mtu aliyetumbukia. Lakini jua huila: huota manyoya, hukauka, kisha hukatika bila taarifa.

Mpwa wangu aliulizia katani, fahari yetu ya zamani. Zao hilo lililetwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kwa miche michache iliyosalimika safarini, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kabla ya nyuzi za viwandani kuishusha. Naipenda katani, lakini ikilowa na kukauka kila siku huoza kutokea ndani, mahali jicho lisipofika. Kamba hukatikia pabovu, na ubovu uliofichika ndio mbaya zaidi.

Mwishowe tuliagiza poliesta kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya henza, joshi na demani, kwa kuwa hainyooki sana na huvumilia jua. Unene tuliochagua ni milimita 12, ambao kiganja cha kijana kiliukubali. Amari ikawa ya nailoni, ambayo hunyooka. Manila ya dukani tuliinunua pia, ikawa ya uokozi, imeviringwa karibu na usukani.

Gharama ilimuuma. Mafunzo hayakumgharimu kitu: jioni tatu ufukweni, yeye akitaja jina na kijana akishika kamba, mpaka mkono ukawa unafika kabla ya neno kwisha. Siku hizi hawapigi tena kelele ya "Achia kamba!" Husema "Legeza demani!" na inayolegea ni demani.

Ninawaomba wenzangu wa Kilwa, Lamu, Ujiji na Mwanza: huko kwenu kamba hizi mnaziitaje? Waulizeni wazee wa vyombo wangali hai, mtuandikie majina pamoja na kazi zake.