Mla Kima

Kiswahili humtwika tai mzigo mzito: neno hilo hilo humtaja ndege awindaye walio hai na yule angojaye mizoga. Hata hivyo, kumdhulumu ndege kwa jina si dhambi ya Waswahili pekee. Tai mkubwa wa misitu ya Ufilipino, mwenye mabawa yatandazikayo kiasi cha mita 2, aliishi takriban miaka 80 akijulikana ulimwenguni kama mla kima.

Chanzo ni safari ya Mwingereza John Whitehead, aliyempata ndege huyo kisiwani Samar mwaka wa 1896. Wenyeji walimweleza kwamba hula kima; wataalamu wa London wakayachukua maelezo hayo, wakayafanya jina la kisayansi: Pithecophaga jefferyi. Neno la pili lamuenzi Jeffery, babake Whitehead, aliyegharimia safari. Basi ndege akapewa jina la mlo na la mzee wa Kiingereza, wala hamna humo hata silabi moja ya nchi yake. Isitoshe, kisiwani Mindanao windo lake kuu si kima bali kagwangi, mnyama arukaye kutoka mti hadi mti kwa ngozi aliyoitanda kama tanga.

Mwaka wa 1978 serikali iliamuru aitwe Tai wa Ufilipino, na mwaka wa 1995 akatawazwa kuwa ndege wa taifa. Wahifadhi humwita pia haribon: hari, mfalme, ibon, ndege. Kifaranga wa kwanza kuzalishwa kizuizini, aliyeanguliwa Januari 1992 mjini Davao, alipewa jina Pag-asa, yaani Tumaini. Alifariki Januari 2021.

Ama kwa msitu, haujui majina. Jozi moja huhitaji maelfu ya hekta na hutaga yai moja tu kila baada ya miaka miwili, ilhali miti inazidi kukatwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2023 ulikadiria jozi 392 porini. Mmoja wa tai hao, Kagsabua, aliokolewa, akatibiwa, akarudishwa msituni Mindanao mwaka wa 2008. Miezi michache baadaye mkulima mmoja kijana alimpiga risasi, akampika, akamla.