Noeli Mbarara, Bonane Nakivale

Mwanzoni mwa Desemba shule za bweni za Uganda hufunga mwaka, na siku hiyo Mbarara hujaa masanduku ya bati. Mengine yako kichwani, mengine juu ya taksi, mengine yamefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda pamoja na godoro lililokunjwa. Mwaka 2014 msichana mmoja wa kidato cha kwanza, Mkongomani anayeishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, alitoka langoni na sanduku lake akapanda gari la watu wengine. Alikuwa na miaka 14. Kwao si mbali sana: lami hadi Isingiro, kisha barabara ya vumbi kuelekea ziwani. Lakini nyumbani hakukuwa na mtu mzima. Mama yake alikuwa amelazwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, ambako wagonjwa wa Nakivale wanaohitaji matibabu makubwa hupelekwa, na wadogo zake walikuwa wamegawanywa kwa majirani.

Gari lilikuwa la wazazi wa rafiki yake wa darasani. Urafiki huo ulianzia kwenye Jumapili za kutembelewa, siku ambayo wazazi hujazana uwanjani na hotpoti za wali, kuku na chapati, na mtoto asiye na wa kumtembelea hujifanya ana nguo za kufua. Yule mama alimwona kwenye kamba za nguo. Ziara iliyofuata alikuja na hotpoti mbili.

Ipo mipango rasmi ya kumpeleka kijana akaishi na familia ya ugenini. Mpango wa YES, ulioanzishwa na serikali ya Marekani mwaka 2002, umewapeleka wanafunzi wa sekondari kutoka Kenya na Tanzania wakaishi mwaka mzima wa masomo katika nyumba za Wamarekani, likizo ya theluji ikiwemo. Huko kuna fomu, semina ya maandalizi, na mtu wa kupigiwa simu mambo yakiharibika. Huyu wa Nakivale hakuwa na hata kimoja cha hivyo. Alikuwa na gauni moja la kanisani na ruhusa ya mama yake, iliyotolewa kitandani wodini.

Nyumba iko Kamukuzi, upande wa mji ilikokuwa ikulu ya wafalme wa Ankole. Baba mwenye nyumba aliuza vipuri vya magari, mama alifundisha shule ya msingi, na chumba cha mbele kilikuwa cha babu, ambaye wajukuu wote walimwita Shwenkuru. Siku za mwanzo zilikuwa za Kiingereza cha darasani. Wenyeji walizungumza Kinyankole wao kwa wao, kisha mmoja akageuka na kumtafsiria mgeni jambo ambalo wenzake walikuwa wamekwisha kulicheka. Asubuhi, mchana na usiku aliletewa maziwa, kwa kuwa Ankole ni nchi ya ng'ombe na mgeni hapewi maji matupu. Yeye, aliyezoea chai ya rangi, aliyanywa mpaka tumbo likamsokota, na hakusema. Kila jioni alishuka hospitali na chupa ya uji.

Kiswahili hakikusikika. Alikianza mara moja tu, jikoni, akiimba huku akiosha vyombo. Mama mwenye nyumba akaweka kidole mdomoni na kutazama chumba cha mbele.

Sababu yake ni ya zamani kuliko umri wa wasichana wale wawili. Katika Uganda ya Idi Amin Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na Mbarara ilikuwa na kambi ya Simba. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walivuka kutoka Tanzania wakaishambulia kambi hiyo wakashindwa, na baada ya hapo raia walikamatwa na wengine hawakurudi. Februari 1979 likaja jeshi la Tanzania, nalo likizungumza Kiswahili, likauteka mji, na sehemu kubwa ya majengo ya Mbarara ikabomolewa. Kwa watu wa rika la Shwenkuru, amri ya kulala kifudifudi barabarani ilitolewa kwa lugha hiyo. Wajukuu waliamini hata hakijui.

Mbona basi alikubali Mkongomani alale kwake? Hapo inaingia Nakivale yenyewe. Makazi hayo yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na wakaaji wake wa kwanza walikuwa Watutsi waliokimbia Rwanda. Watoto wao walisoma pamoja na watoto wa Kinyankole. Shwenkuru alikuwa na mwenzake wa namna hiyo, kijana aliyekuwa akija likizo kwao na kuchunga nao. Oktoba 1982 viongozi wa wilaya na vijana wa chama tawala cha UPC waliwafukuza watu wenye asili ya Rwanda katika sehemu nyingi za Ankole. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia mpaka wa Rwanda au wakasukumwa kwenye makazi kama Nakivale. Yule mwenzake alikuwa miongoni mwao, na hawakuonana tena. Mwana wa Shwenkuru alipokuja kumwomba ruhusa mwaka 2014, mzee alimweleza habari hiyo kwa sentensi chache, akamaliza kwa kusema mtoto wa Nakivale aje.

Siku chache baada ya Krismasi mama yake msichana aliruhusiwa kutoka hospitali, akapitia Kamukuzi kumchukua. Alijua Kihunde na Kiswahili cha Rutshuru, mashariki mwa Kongo, basi. Aliketi ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, akamwelekea mzee kwa sababu ndiye mkubwa wa nyumba.

"Aksanti, mzee. Mulinilindia mutoto."

Binti yake alikuwa bado anatafuta Kiingereza cha kulitafsiri hilo babu alipojibu mwenyewe.

"Karibu, mama. Kaa vizuri. Kula kwanza."

Wajukuu walitazamana. Kilikuwa Kiswahili cha Uganda, kifupi, kilichokaa bila kutumiwa, lakini kilikuwa Kiswahili. Alikipata ujanani alipokuwa tingo wa malori ya kahawa, kabla ya vita kukiharibia jina. Wawili hao walizungumza mpaka jioni: bei ya maharage, vita vya waasi wa Nkunda vilivyofika Rutshuru mwaka 2008, kuvuka mpaka Ishasha usiku, malori yaliyowapeleka Nakivale. Msichana anasema siku hiyo ndipo alipomsikia mama yake akiisimulia safari yao kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nyumbani walikuwa hawajapata kumsimulia mtu, kwa kuwa kila jirani alikuwa na ya kwake.

Kilichofuata hakikuwa chepesi kama mtu anavyoweza kudhani. Kwenye taksi ya kurudi mama alinyamaza njia nzima, na walipofika alisema kwamba mtoto aliyekula Noeli kwa watu ataanza kuona aibu ya kwao. Aliumia, na alikuwa na haki ya kuumia: kupokewa mtoto wako na watu wenye nafasi kuliko wewe ni wema unaochoma. Wadogo zake nao walimcheka kwa Kinyankole alichokuja nacho. Likizo iliyofuata palifanyika mazungumzo ya kweli, kwa simu, mzee na mama, na ukapatikana mpango uliodumu miaka: Krismasi Mbarara, na Bonane, yaani Mwaka Mpya ambao Wakongomani huusherehekea kwa nguvu kuliko Krismasi, lazima Nakivale.

Humo ndani ya mpango huo vitu vilibadilika kidogokidogo. Alifundishwa eshabwe, mchuzi wa samli unaotaka subira: samli iliyokaa, magadi na maji baridi, vikorogwe kwenye chano cha mti mpaka viwe vyeupe kabisa. Mwaka uliofuata alipanda taksi na chupa ya mawese kutoka sokoni Nakivale, akatwanga kisamvu, akapika sombe na dagaa wa ndakala. Baba mwenye nyumba hakuipenda na hajaipenda hadi leo. Mzee aliongeza. Kiswahili kikatoka chumba cha mbele kikaja mezani, kwanza kwa salamu, baadaye kwa hadithi za malori. Ile amri ya kidole mdomoni haikutajwa tena.

Alimaliza kidato cha sita mwishoni mwa 2019. Machi iliyofuata korona ikafunga kila kitu. Duka la vipuri likafungwa, na usafiri wa umma katika wilaya za mpakani, Isingiro ikiwemo, ukachelewa kufunguliwa kuliko kwingine. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, likapunguza mgao wa chakula wa wakimbizi Uganda kwa asilimia 30, na Februari 2021 kwa asilimia 40. Mtu angetarajia msaada utoke mjini uende kambini. Lakini Nakivale mkimbizi hupewa kipande cha ardhi, na mama yake alikuwa na mahindi na maharage shambani wakati Kamukuzi wanahesabu vikombe vya unga. Krismasi ya 2020 gunia lilitoka Nakivale. Ni jambo ambalo mama yake hulitaja bila kuombwa, na furaha yake haimwondoki usoni.

Shule za Uganda zilifunguliwa Januari 2022, baada ya kufungwa karibu miaka miwili, muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani. Julai mwaka huohuo baraza la mawaziri likakipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na Kongo ikakamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mjukuu mdogo wa Kamukuzi alianza kumpelekea Shwenkuru mazoezi yake ya ngeli, na Desemba hiyo akaomba kwenda Bonane pamoja na dada yake, yule rafiki wa darasani. Wazazi walisita. Watu wengi wa Mbarara hupita barabara ya Isingiro maisha yao yote bila kukata kona ya Nakivale.

Walikuta mji. Base Camp ina maduka ya Wasomali, wapishi wa injera, mafundi wa Kikongo wakishona vitenge usiku kwa umeme wa jua, sato wa ziwani wakikaangwa kando ya njia. Walipanga foleni na majerikeni bombani. Walikesha kanisani na kwaya za ngoma na kinanda, na asubuhi ya Januari mosi wakazunguka na watoto wengine mlango kwa mlango, "Bonane! Bonane!", wakijaza mifuko biskuti na karanga. Safari hii wao ndio waliosubiri kutafsiriwa vichekesho.

Familia ya Nakivale ilikuwa katika hatua za kuhamishiwa Marekani. Januari 2025 Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, na faili lao likasimama pamoja na mengine. Mwaka huohuo WFP, kwa kukosa fedha, ikawaondoa wakimbizi wapatao milioni moja kwenye mgao wa chakula Uganda. Mdogo wa kiume wa msichana, ambaye miezi mingi alikuwa akijifunza Kiingereza cha safari, sasa analala Kamukuzi katika chumba kilichokuwa cha dada yake na kuuza vipuri dukani. Analipwa mshahara. Mama yake aliweka sharti hilo kabla hajamruhusu kuondoka, na baba mwenye nyumba akalikubali kwenye simu.

Desemba 2025 ilipokaribia, mjadala ulikuwa juu ya mbuzi. Mzee alitaka achinjwe Mbarara tarehe 25. Mama alisema mbuzi ni wake, amemlisha mwenyewe, na atachinjwa Nakivale tarehe mosi, anayemtaka apande taksi.