Wiki Moja Raskazone na Mbwa Wetu

Je, mama msomaji, mara ya mwisho wewe na mume wako mliposafiri pamoja mlikwenda wapi? Fikiri kidogo kabla ya kujibu. Mimi nilipojiuliza swali hilo mwaka jana, nilihesabu miaka 17 ya ndoa, na kila safari niliyoikumbuka ilikuwa ya msiba, ya harusi au ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Safari ya kupumzika tu hatukuwahi kuifanya. Tuliona hilo ni jambo la Wazungu na la wenye fedha.

Na fedha hasa ndiyo tuliyokosa. Baba watoto alikuwa amepunguzwa kazini, mahali alipofanya ufundi wa magari tangu ujana wake. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kimya. Asubuhi anaoga, anavaa shati safi, anatoka kutafuta kazi. Jioni anarudi, anakula, analala. Nikimwuliza jambo ananijibu neno moja. Nami nakiri kwamba ulimi wangu ulikuwa mkali. Kila sukari ilipokwisha nilihakikisha amesikia.

Wazo la safari lilitoka kwa binti yetu wa mwisho, mwenye miaka tisa. Shuleni walikuwa wamejifunza kwamba mto Pangani huanzia kwetu, kwa maji yanayoteremka kutoka Kilimanjaro na Meru, kisha huenda mpaka baharini. "Baba," akauliza wakati wa chakula, "maji yetu yakifika baharini yanakuwaje?" Baba yake akacheka. Ulikuwa muda mrefu sijasikia kicheko hicho.

Nyumba yenye magurudumu

Tulikuwa na Hiace kuukuu iliyolala uani. Kwa wiki tatu mume wangu aliishughulikia. Alipomaliza injini aling'oa viti vya nyuma, akapigilia kitanda cha mbao, na chini ya kitanda akaacha nafasi ya sufuria, jiko dogo la gesi na ndoo za maji. Mimi nilishona mapazia kwa khanga za zamani. Watoto wakaiita nyumba yenye magurudumu.

Likabaki tatizo la Simba. Simba ni mbwa wetu, koko mwekundu mwenye sikio moja lililokatika. Hatukuwa na mtu wa kumwachia, na binti alisema Simba asipokwenda na yeye haendi. Tukampeleka kwa daktari wa mifugo, akachomwa sindano ya kichaa cha mbwa na kupewa cheti chake, tukanunua kamba imara. Mwezi wa 6, shule zilipofungwa, tuliomba Mungu atutangulie, tukaondoka Moshi alfajiri.

Njia hiyo wengi wetu tumeipita usiku ndani ya basi bila kuona kitu. Mchana ni nyingine kabisa. Milima ya Upare inakuwa kushoto kwako kwa saa nzima na zaidi, kisha inaipokea ya Usambara. Korogwe tuliuvuka mto Pangani, na binti akaupungia mkono kama ndugu. Mbele kidogo ni Hale, ambako maji hayo hayo yanazungusha mitambo ya umeme tangu mwaka 1964. Halafu yakaja mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Niliwasimulia watoto kwamba mkonge si mmea wa kwetu. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida, Marekani, mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mashamba yote yale yalianza na miche hiyo.

Mahali penyewe

Raskazone ni rasi iliyo upande wa mashariki wa mji wa Tanga, mahali ambapo ghuba inafungukia bahari kubwa. Barabara zake zina kivuli cha miembe mikubwa, na nyumba nyingi ni za zamani, zenye varanda pana na bustani. Tuliomba ruhusa katika nyumba moja ya wageni, tukalipa fedha kidogo, tukaruhusiwa kuegesha gari chini ya mkungu na kutumia choo na bomba la nje. Usiku mlinzi alikuwapo, nasi tulilala kwa amani, watoto ndani ya gari na sisi wawili kwenye hema la kuazima.

Asubuhi ya kwanza niliamshwa na ukimya. Nilitoka na kikombe cha chai nikaiona bahari imeondoka! Ilikuwa siku za bamvua, maji yamekupwa mbali sana, na wanawake walikuwa wakitembea juu ya miamba wakitafuta pweza. Alasiri maji yalikuwa yamerudi mpaka chini ya ukuta, na watoto wanaogelea. Kila siku maji hujaa yakichelewa karibu dakika 50 kuliko jana yake, hivyo baada ya siku mbili nilijifunza kupanga mapishi kwa kuyafuata.

Lakini kinachokufanya usahau kazi ni vyombo vya tanga. Alfajiri wavuvi hutoka na umande, ule upepo mwepesi wa nchi kavu, na mchana hurudi kwa upepo wa bahari. Ngalawa ni gogo la mwembe lililochongwa, na pembeni lina mbao mbili za kulizuia lisipinduke. Tanga lake mara nyingi lina viraka vya rangi zote, kama khanga ya mama mwenye watoto wengi. Mara moja moja hupita jahazi kubwa lenye mzigo, polepole, kwa heshima zake. Na siku za mapumziko hutoka mashua za Tanga Yacht Club, ambayo ipo hapo hapo Raskazone, tanga zao nyeupe kama mashuka yaliyopigwa pasi. Binti yangu alisema ngalawa ndizo zinazopendeza zaidi kwa sababu zina viraka.

Ukitazama bandarini utaona kisiwa kidogo cha Toten, neno la Kijerumani lenye maana ya wafu. Huko kuna magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Na rasi hii yenyewe iliona vita. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa jeshi la askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, wapigane na Wajerumani na askari wao Waafrika, waliokuwa kama 1,000 tu. Wale wengi wakashindwa. Katikati ya mapigano nyuki walichokozwa wakawavamia watu, na mpaka leo wapo wanaoviita vita vya nyuki. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka 14, alikagua kila mti kabla ya kukaa chini yake.

Simba na beseni la samaki

Siku ya tatu yalitupata. Mama mmoja alikuwa akipita na beseni la samaki, akalitua chini ili nichague. Binti alilegeza kamba, na kabla sijafumba jicho Simba ametia mdomo ndani ya beseni na kutoka na changu mzima.

Wasomaji, nilitamani ardhi ipasuke. Nilijua wenyeji wengi wa Tanga ni Waislamu, na mbwa kwao si wa kugusana naye. Nikaanza kuomba radhi kwa maneno mengi. Yule mama alinyamaza kwanza, kisha akasema taratibu, "Dada, sisi hatumchukii, naye ni kiumbe cha Mungu. Lakini chombo akishakitia mdomo tunakiosha mara saba, na mara moja kwa udongo. Mfungeni tu."

Nilinunua samaki wote. Mume wangu akatembea mpaka dukani akarudi na beseni jipya, akampa kwa mikono miwili. "Shemeji," yule mama akamwambia huku akicheka, "kwa beseni hili mbwa wako na aje tena kesho!" Akatuuliza tunatoka wapi na kazi gani. Nikaona mume wangu anainamisha kichwa. Kisha akajibu kwa sauti, "Nilikuwa fundi wa magari. Sasa sina kazi." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwambia mtu.

Mume wa mama yule alikuwa mvuvi. Alfajiri iliyofuata alimchukua baba watoto ndani ya ngalawa. Nilisimama ufukoni na Simba kwenye kamba, nikatazama lile tanga la viraka mpaka likawa dogo kama ukucha. Walirudi alasiri. Mume wangu alikuwa ameungua na jua, viganja vimechubuka, na maneno yanamtoka kama mtoto.

Usiku, watoto walipolala, tulikaa kando ya maji. Akanieleza kwamba upepo ukikukabili, chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja. Lazima mbishe: mnakwenda upande huu, mnageuza, mnakwenda upande ule. Anayetazama kutoka pwani hudhani mmepotea, kumbe mnasonga. Akanyamaza. Halafu akasema, "Mama watoto, nilikuwa siendi kutafuta kazi. Miezi mitano nilikuwa nakaa stendi naangalia mabasi mpaka jioni. Niliona haya kurudi mapema."

Jibu kali lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikalimeza. Nilikumbuka sukari, na jinsi nilivyoitaja. Nikamwambia, "Tukifika nyumbani, rudi mapema."

Mto unapoishia

Siku moja kabla ya kurudi tulikwenda Pangani, mwendo wa kilomita 50 hivi kuelekea kusini. Mto unatoka mpana, wa rangi ya udongo, na watu walikuwa wakivuka kwa pantoni kwenda Bweni. Hatukuruhusu mtoto wala mbwa kukaribia ukingo, maana mto una mamba. Ng'ambo ya mdomo wa mto tuliona mstari ambapo maji ya kahawia yanakutana na ya buluu. "Yetu ni yapi?" binti akauliza. Baba yake akambeba begani, mkubwa vile alivyo. "Yote mawili," akasema. "Yakishafika hapa hayatenganishwi tena."

Mama msomaji, ukipenda kujaribu safari kama hii, kumbuka mambo machache. Omba ruhusa kabla ya kuegesha gari la kulala popote, usijifiche vichakani. Chukua vyandarua, maji ya kunywa na khanga mbili za ziada, maana pwani mavazi ya heshima hufungua milango. Watoto waogelee maji yakiwa yamejaa na mtu mzima akiwapo. Pia iko klabu ya kuogelea Raskazone ambayo hulipisha kiingilio. Kama una mbwa, achanjwe mapema, asiachiwe kamba karibu na watu, wala asisogezwe msikitini au penye samaki. Chombo chake cha maji kiwe chake peke yake.

Sisi hatujawa matajiri. Mume wangu sasa anatengeneza magari pale pale uani kwetu, siku nyingine wateja wawili, siku nyingine hakuna. Lakini saa sita mchana yupo nyumbani, nasi tunakula pamoja. Na Hiace bado ina mapazia yake.