Gitaa la Remmy lilipofika Kasulu

Zamani muziki ulitufikia Kasulu kwa redio na kwa mabasi. Redio Tanzania Dar es Salaam tuliisikiliza usiku, kwa betri zilizoanikwa juani mchana kutwa. Kanda zilikuja na mabasi, na mojawapo ilikuwa Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila, albamu iliyotolewa mwaka 1989 na Real World, kampuni ya Peter Gabriel wa Uingereza.

Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy. Kwetu mkoani Kigoma, Kongo ni ng'ambo tu ya ziwa, kwa hiyo rumba hatukuiona ngeni. Rumba hiyo Wakongo waliijenga baada ya kusikia santuri za Cuba, na midundo ya Cuba ilikuwa imevushwa bahari na Waafrika waliouzwa utumwani. Katika albamu ile umo wimbo uitwao Muziki Asili Yake Wapi. Kila nilipousikia niliona swali hilo linatuhusu sisi.

Mwaka huohuo wa 1989 mwanareggae Lucky Dube alitoa albamu ya Prisoner, na reggae, iliyotoka Jamaika, ikatawala vijiwe vya Kasulu hadi Kibondo. Kaka yangu alikuwa na gitaa la galatoni. Uzi uliokatika aliubadilisha kwa waya wa breki ya baiskeli. Alizoea rumba, ambayo ndani yake vidole havipumziki. Reggae ilimlazimu kujifunza upya: kupiga kodi fupi katikati ya mapigo, kisha kulegeza vidole vya kushoto ili sauti ife papo hapo, besi itembee. "Bwana mdogo, usijaze kila nafasi," aliniambia. Baadaye akaanza kuchanganya: wimbo unaanza kwa reggae, unamalizika kwa sebene ya rumba.

Ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996, wakimbizi wa Kongo walikuja na kwaya zao. Kutoka kwa wapiga gitaa la solo wa kwaya hizo vijana wetu waliokota mengi ambayo kanda haikuweza kuwafundisha.

Remmy alifariki Desemba 2010. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, wakiwamo Ali Kiba, Diamond na Mwasiti, waliungana katika wimbo wa Leka Dutigite, na mkoa mzima ulijivuna. Nami nilijivuna. Lakini kufikia hapo studio nyingi zilikuwa zimehamia kwenye kinanda na kompyuta, na kijana wa Kasulu aliweza kurekodi wimbo mzima bila kumwita mpiga gitaa hata mmoja.

Kompyuta imewafungulia milango vijana wasio na bendi, na hilo ni jema. Ila gitaa ndilo lililotuunganisha na Kindu, Cuba na Jamaika. Watayarishaji wa Kasulu na Kibondo, wapiga gitaa bado wapo, makanisani na kambini. Waiteni studio, muwarekodi, na muwalipe.