Chupa Ninayokuachia

Shituru, Likasi

Mjukuu wangu mpenzi,

Mimi nkambo wako ni mzima wa moyo, ila magoti yamekataa ngazi na macho hayasomi tena namba ndogo za vipuri. Jumatatu unaondoka kwenda Addis Ababa kujifunza urubani. Huenda ukirudi usinikute. Basi nimeketi barazani, moshi wa kiwanda ukipita juu ya mabati yetu kama ulivyopita enzi za baba yangu, nikuandikie maneno ambayo ningeyasema mbele yako sauti ingekatika.

Naanza na lugha. Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili: ndege wa mtini na ndege ya chuma. Hapa kwetu husema ndeke, na neno hilo nalo hubeba maana zote mbili. Lakini sarufi haikudanganyika. Kunguru ni ndege huyu. Cessna ni ndege hii. Huyu ana roho, hii haina. Mabawa, injini na magurudumu hutoka kiwandani. Huruma haitoki huko. Nimekuwa fundi wa ndege miaka 38, kwenye uwanja wa ndege wa Luano na viwanja vya porini, na wosia wangu wote ni huu: roho ya ndege ni yule anayeiendesha.

Nilijifunza hilo nikiwa na miaka kumi. Ilikuwa Septemba 1961, mji wetu ukiitwa Jadotville, Katanga ikiwa imejitenga. Askari wa Ireland wapatao 155 wa Umoja wa Mataifa, chini ya Kamanda Pat Quinlan, walizingirwa pembezoni mwa mji kuanzia tarehe 13 hadi 17. Ikaja ndege moja kutoka Kolwezi: Fouga Magister, jeti ya Kifaransa yenye injini mbili na mkia uliopasuka mfano wa herufi V. Sisi watoto wa Shituru tulipanda kichuguu kuitazama, tukaipigia makofi. Ilikuwa nzuri. Kisha ikadondosha mabomu, na mama akatukokota ndani. Nilipokuwa fundi ndipo nilipojua kwamba Fouga iliundwa kuwa shule, mwanafunzi akae mbele na mwalimu nyuma yake. Chombo cha kumfundisha kijana kuruka kikavalishwa bunduki, na kwa kuwa wakati ule Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege ya kivita nchini, hicho kimoja kikatawala anga la Katanga.

Siku zile zile ikaja helikopta, Sikorsky S-55, ikiendeshwa na Bjarne Hovden wa Norway na Eric Thors wa Sweden. Ilipenya risasi ikatua kati ya askari wale wenye kiu, imebeba madumu ya maji. Lakini madumu yale yalikuwa yametiwa mafuta zamani, na maji hayakunyweka. Usiku wa kuamkia tarehe 18, DC-6 iliyomchukua Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, ikaanguka karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka, na watu wote 16 waliokuwemo wakapoteza maisha. Wiki moja, ndege tatu. Sijapata shule kubwa kuliko hiyo.

Sasa nikuambie juu ya ndege nilizozishika, maana najua marubani hubishana usiku kucha ipi ni tamu.

Wazee walioniachia kazi waliipenda DC-3. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1935, na Sabena iliitumia sana Kongo. Ina gurudumu dogo mkiani, kwa hiyo chini hukaa imeinua pua, na rubani haoni vizuri kilicho mbele mpaka mkia unyanyuke. Hutua kwenye majani na udongo bila kununa. Aliyeiendesha vizuri alijulikana kwa miguu yake, kwani usukani wa mkia hauku­ruhusu usinzie hata baada ya kugusa ardhi. Kumbuka pia kwamba mwaka 1925, kabla ya DC-3, rubani Edmond Thieffry alitumia siku 51 kuruka kutoka Brussels mpaka Léopoldville. Unapochoka kusubiri saa mbili uwanjani, mkumbuke yeye.

Antonov ni punda wa nchi hii. An-26 ina mlango mpana nyuma, mabawa juu ili mapanga ya injini yasile mawe, na magurudumu ya kustahimili viwanja vibovu. Haikuchagua kuzidishiwa mzigo. Binadamu ndiye aliyechagua. Cessna Caravan ninaipenda kuliko zote. Injini yake moja hunywa mafuta ya jeti, ndugu wa mafuta ya taa, hivyo haikwami pale petroli ya ndege isipopatikana. Hutua kijijini asubuhi na chanjo, ikaondoka na mama mwenye uchungu wa uzazi. Helikopta haihitaji kiwanja, lakini haikuachii mkono wala mguu upumzike.

Majeti makubwa utayaona Addis, maana Ethiopian Airlines ndiyo iliyotangulia Afrika kuwa na Boeing 787, mwaka 2012. Yapende. Lakini usiipime ndege kwa ukubwa wala mwendo. Nchi hii imewahi kumwona Rais Mobutu akikodi Concorde, yenye mwendo mara mbili ya sauti, ikitua kwao Gbadolite, na wakati huo huo zilikuwepo zahanati ambazo hazikufikiwa hata na baiskeli. Uliza kwanza: chombo hiki kinampelekea nani nini?

Nakuusia mambo matatu.

La kwanza, uogope uzito kuliko mawingu. Luano iko mita zipatazo 1,300 juu ya bahari, na Addis imepita 2,300. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua la Oktoba huifanya nyepesi zaidi: bawa linainua kidogo, injini inavuta kidogo, panga linashika kidogo. Mzigo uliokubaliwa alfajiri hukataliwa saa sita mchana. Hata mwenye mzigo akiwa mjomba wako, kataa.

La pili, jifunze kusema "leo siruki". Watakucheka, na kwa kuwa wewe ni mwanamke watakucheka zaidi. Kesho yake watakuwa hai, na kicheko chao kitakuwa shukrani bila wao kujua.

La tatu ni deni langu. Msimu mmoja wa mvua tulihifadhi mapipa ya petroli yamesimama. Maji hutuama juu ya kifuniko, na usiku pipa likipoa huyavuta ndani polepole. Siku hiyo abiria walikuwa wakipiga kelele, nami nikatia sahihi bila kukinga mafuta kutoka chini ya tangi. Injini ilikohoa ndege ikiwa bado inakimbia chini. Rubani alifunga breki, wakashuka wote salama. Sahihi ile ilikuwa yangu, si ya mtu mwingine. Tangu siku hiyo sikutia sahihi mbele ya kelele.

Ndani ya kitambaa hiki utaikuta chupa yangu ndogo ya kioo. Kila asubuhi, kabla hujagusa usukani, ikinge chini ya tangi, iinue uitazame kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli; yatakaa chini, na utauona mstari kati yake. Ukiuona, mwaga, kinga tena, mpaka kusiwe na mstari. Mwaka 1961 mafuta yaliingia ndani ya maji, na mashujaa wawili wakafika na kitu kisichonyweka. Mimi nilikaribia kuua kwa maji yaliyoingia ndani ya mafuta. Wewe uwe yule aliyetazama.

Najua utaipenda ndege yako mpaka uanze kuiita "huyu". Iite hivyo, sikukatazi. Ila asubuhi, ukiwa umeinama chini ya bawa na chupa mkononi, iite "hii".

Mungu akushike, na babu zetu wa udongo huu wakutangulie njiani.

Nkambo wako