Mgeni wa Sikio Moja

Kule kwetu Dagoretti mbwa ni mlinzi tu, hulala nje akala makombo. Simba na Pendo hawakuwa hivyo. Walikuwa watoto wa nyumba. Mwaka wa 2023, kabla hawajafikisha mwaka mmoja, ugonjwa wa parvo uliwaua wote wawili kwa siku nne. Walitapika, wakaharisha damu, mamangu akiwanywesha maji kwa kijiko usiku kucha. Babangu akaapa, ati mbwa mwingine hataingia hapa.

Daktari wa mifugo alituonya kuwa viini vya parvo huweza kukaa udongoni hata mwaka mzima, kwa hivyo tusilete mtoto wa mbwa asiyechanjwa. Basi Agosti 2024 tulipofika kituo cha KSPCA, Karen, dadangu mdogo alilia tukivipita vile vitoto vizuri. Tulichukua jike mzima, aliyechanjwa, sikio moja limekatika. Nani alilikata, Mungu ajua.

Wiki mbili hakula mbele ya mtu. Babangu, yule yule wa kuapa, ndiye alianza kumwachia mfupa mlangoni kisha anajificha nyuma ya pazia. Jina la Simba au Pendo mamangu alikataa katakata. Tunamwita Mgeni, na sasa analala kando ya jiko.